Makadirio ya Kizimba

Garnik, ujumbe wako nimeupata.
Wataka bei ya kizimba cha pili, cha mbwamwitu,
kando ya meza za mtoni, wageni wamtazame wakila.
"Kama kile cha kwanza, Hrachik. Kazi yako naiamini."

Kaa basi. Mimi fundi, maneno sina,
lakini hesabu naijua.

Kile cha kwanza kilikuwa mita mbili kwa tatu.
Nilikuuliza, atakua?
Ukamwinua kwa ukosi kama paka,
akakunyonya kidole, ukasema,
"Huyu? Huyu wa kuchezea watoto."
Nikakata nondo. Nikachomelea siku mbili,
upepo wa bonde la Debed ukinirushia cheche machoni.
Maungio sikuyapiga tupa,
kwa kuwa tupa hukulipia.
Upande wa nje nililainisha kidogo, wageni wasijikwaruze.
Upande wake chuma kilibaki na meno.

Ukampa jina Nazeli, mwenye madaha.

Jumapili ngapi nimekula kwako bure?
Mishikaki, mkate mwembamba wa tanuri, mvinyo wa komamanga,
na kiti changu siku zote kile cha kumpa mgongo.
Nilikuwa namsikia tu:
hatua nne, kichwa ko! kwenye kona,
hatua nne.
Hata zumari zilipolia harusi ya Arpine wako
yeye alishika mdundo wake,
wala haukukutana na wetu.

Yuko aliyempa bia.
Yuko aliyempa sigara inayowaka.
Tukacheka. Nasema tukacheka,
sisemi wakacheka.

Dubu wa milima hii hulala theluji ikianza,
kila mtoto wa Alaverdi anajua.
Taa zako za rangi hazizimwi hadi saa nane usiku.
Majira ya baridi kumi na sita
mnyama yule hajalala hata moja.
Mimi nikikosa usingizi usiku mmoja tu,
asubuhi mke wangu hanisogelei.

Machi uliniita nibadilishe kufuli lililoshika kutu.
Ndipo nilipomwona uso kwa uso.
Meno ya mbele yamelika hadi ufizini.
Na pua, Garnik,
pua ina mfereji wa upana wa kidole,
mahali pale pale
nilipookoa nusu saa ya tupa.
Niliitambua kazi yangu usoni pake
kama mtu anavyoutambua mwandiko wake.

Hakuninguruma. Alinusa glavu zangu,
zile zile za ngozi, nadhani akakumbuka,
akarudi kwenye hatua zake nne.

Mnyonge hana haki, tunasema,
na tukishasema tunamega mkate.
Nimelisema mwenyewe, mdomo umejaa mafuta ya nyama yako.

Haya, makadirio:
Nondo, hakuna.
Bawaba, hakuna.
Mkono wa fundi, upo, siku moja,
na msumeno wa umeme, wa kukata tu.
Kwa kukata sitozi hata dram.
Juu huko Lori yuko mama mmoja, Shushanik,
ana msitu wake na uzio,
nimempigia simu, amesema mlete hata usiku.

Nakala ya karatasi hii nimeibandika
mlangoni pa halmashauri, nyingine kwenye duka la mikate,
kwa gundi, si kwa pini,
atakayetaka kuibandua atoke jasho.
Vipimo vyote vimo.
Na jina langu limo, limeandikwa kubwa,
mbele ya neno "aliyejenga".

Mishikaki usinitumie tena.

Nasikia huyo mbwamwitu bado yumo
ndani ya sanduku la viazi, jikoni kwako,
na wapishi wanampa maziwa kwa kijiko.
Ana ukubwa gani?
Usiniambie hatakua.